Taarifa ya Kamati ya Uhakika Kuhusu Herufi Moja

Idara ya Vibali vya Ndoa na Mambo Yanayofanana Nayo inapenda kuutangazia umma, kwa furaha na kwa mara ya mwisho, kwamba mtambo wake mkuu haukuzimika. Mtambo ulipumzika. Wale waliopita mitaani wakisema umekufa, na wengine wakathubutu kutupa pole, wanaombwa wachukue pole zao. Maiti haingurumi, na mtambo wetu uliendelea kunguruma kidogo kidogo wiki nzima.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Uhakika. Wapo watakaouliza kamati hiyo ni ya nini, na kuuliza ni haki yao, ingawa si haki niipendayo. Nitaeleza taratibu, maana haraka haraka haina baraka.

Mtambo wenyewe ni seva. Seva ni kompyuta kubwa, ndefu kama kabati la nguo, inayokaa peke yake katika chumba chenye baridi kuliko ofisi zote isipokuwa ya Mkurugenzi. Humo ndimo vinamokaa vibali vya ndoa. Hakuna anayefungishwa ndoa bila kibali, na hakuna kibali kinachotoka mpaka wenye mamlaka wote walioandikishwa ndani ya seva wakipe idhini yao: Mkurugenzi, Naibu wake, wasaidizi wa Naibu, mimi, na fundi wa mtambo. Kibali kikikosa idhini ya mmoja wetu, kinalala. Vingine vimewahi kulala mpaka wenyewe wakaachana kabla ya kuoana. Huo ndio umakini.

Sasa, ndani ya seva hiyo mna kompyuta nyingine, ndogo sana, ambayo hailali kamwe. Kubwa ikizimika, ndogo iko macho, na ndiyo yenye uwezo wa kuiambia kubwa amka au lala. Haina picha wala kipanya. Unachomeka waya, unapata kioo cheusi chenye mstari mmoja unaopepesa, unaandika amri yako, unabonyeza. Wataalamu wanaiita kichakataji cha huduma. Kwa kuwa jina hilo lina neno huduma, Idara iliiweka chini ya Kitengo cha Wahudumu, pamoja na wapika chai na wafagiaji, na watu wakazoea kuiita Mhudumu. Mkurugenzi alipoambiwa kwamba Mhudumu ndiye humwamuru mkubwa alale au aamke, alisema jambo hilo lisizungumzwe mbele ya wageni.

Anayeshughulika na Mhudumu ni Fundi. Fundi ana shahada mbili, usingizi mwingi, na mjomba mmoja, ambaye ni Mkurugenzi. Mwaka jana, wakati wa kampeni yetu ya kukuza lugha, Fundi ndiye aliyemfundisha Mhudumu Kiswahili. Kazi hiyo aliimaliza mchana mmoja kwa sababu jioni kulikuwa na mpira, na alipewa cheti.

Jumatatu seva iliganda. Jumanne asubuhi Fundi aliingia chumba cha mtambo akitafuna karanga, akachomeka waya, akaandika: *washa upya mtambo*. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini siku hiyo Mkurugenzi alikuwa anapita kwenye korido, mimi nyuma yake nikimbebea miwani, naye akaona ni vizuri kukagua. Akaja akasimama nyuma ya kiti cha Fundi. Kwenye kioo paliandikwa:

*Mtambo mzima utawashwa upya. Una uhakika? (n/h)*

"Nani anaulizwa?" Mkurugenzi akasema.

"Mimi, mjomba."

"Hapa ofisini sina mpwa."

"Mimi, mheshimiwa. Huwa inauliza tu. Nabonyeza n, ndiyo, basi. Au h, hapana."

"Ngoja kwanza. Wewe una cheo gani cha kuwa na uhakika?"

Fundi akaacha kutafuna. Nakiri swali lilikuwa zito, na hakuna aliyewahi kuliuliza. Katika Idara yetu tuna watu wa kupokea, wa kupeleka, wa kukumbusha na wa kusubiri. Uhakika haumo katika majukumu ya mtu yeyote. Mkurugenzi mwenyewe, nilipomtazama, alitazama feni.

"Iundwe kamati," akasema.

Mhudumu aliachwa na swali lake, mstari ukipepesa.

Nje, kwenye benchi la wananchi, kulikuwa na watu watatu. Wa kwanza ni bibi harusi mtarajiwa, dereva wa gari la wagonjwa, mwanamke aliyezoea kupishwa barabarani na ambaye alilitazama dirisha letu kama gari bovu lililoziba njia. Wa pili ni mchumba wake, kinyozi mpole, ambaye alimkagua kisogo kila aliyepita. Wa tatu ni shangazi yake bibi harusi, mpishi mkuu wa shule ya bweni, aliyezoea kunyamazisha bwalo zima la watoto kwa kugonga mwiko mara moja. Harusi ilikuwa Jumamosi. Baba wa bibi harusi alikuwa mpishi wa meli. Likizo yake ingekwisha Jumapili alfajiri, na akishapanda meli harudi mpaka miaka miwili ipite. Binti alikuwa ameapa kwamba haolewi bila baba yake kusimama pale mbele. Yote haya nilielezwa na Shangazi kwa sauti iliyofika mpaka stoo.

"Mama," nikamwambia, "nakuomba uelewe. Mtambo umeuliza swali, na Idara inaandaa jibu."

"Umeuliza nini?"

"Umeuliza kama tuna uhakika."

"Uhakika wa nini?"

"Hilo nalo lipo mbele ya kamati."

"Basi mwambieni ndiyo!"

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema. "Mwanangu, mimi nimepika tangu hujaota meno. Kuna kitu kinaitwa kuungua."

Bibi harusi aliinua uso. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilirudi ndani nikiwa nimeudhika, hasa kwa sababu sikujua nimeudhika na nani.

Kamati ya Uhakika ilikaa Jumatano, ikakaa tena Alhamisi. Siwezi kueleza yote yaliyojadiliwa kwa kuwa mengine yalijadiliwa wakati nimetoka kufuata chai. Ilikubaliwa kwamba uhakika una ngazi: uhakika wa awali, uhakika wa kati, na uhakika wenyewe. Naibu alisema yeye binafsi hajawahi kufika ngazi ya tatu hata katika ndoa yake. Msaidizi mmoja alipendekeza tumjibu Mhudumu kwa swali, yaani, *kwani wewe unaonaje?* Pendekezo lilipendwa sana, tukamtuma Fundi akaliandike. Akarudi akasema Mhudumu amejibu *Jibu halieleweki* na ameuliza tena vilevile.

"Hana adabu," Naibu akasema.

"Hana nafasi," Fundi akasema. "Anataka herufi moja tu."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Mkurugenzi aliinuka. Ni mtu mnene, na akiinuka kikao huhisi.

"Herufi moja? Mimi nijibu kwa herufi moja? Herufi moja wanaandikiana wapenzi kwenye simu! Tangu lini mtu wa cheo akajibu *n*? Tena herufi ndogo!"

Kamati ikaazimia kwamba Mkurugenzi atajibu yeye mwenyewe, kwa neno kamili, mbele ya watu, siku ya Ijumaa. Neno lenyewe lilituchukua alasiri nzima. *Ndiyo* lilikataliwa kwa kuwa hata mlinzi wa getini hulitumia. *Naam* lilionekana la mtu aliyeitwa. *Sawa* lilionekana la mtu aliyeshindwa. Mwishowe mimi, nasema bila kujisifu, nikapendekeza neno lenye uzito, lenye hadhi, linalojaza mdomo: *Hakika*. Mkurugenzi akalitamka polepole mara kadhaa, akitazama dirishani. Kisha akanipa mkono.

Ijumaa chumba cha mtambo kilipambwa kwa kitambaa cha meza cha ukumbi wa mikutano. Palikuwa na wafanyakazi wote, na kwa niaba ya wananchi tuliwaalika wale watatu wa benchi, kwa kuwa hata hivyo walikuwepo. Mkurugenzi alihutubia. Alisema wapo viongozi wanaokimbia maswali, yeye hakimbii. Alisema teknolojia ni ya watu, wala watu si wa teknolojia. Bibi harusi aliitazama saa ya ukutani. Kinyozi alimshika mkono, akamnong'oneza kitu, naye akatikisa kichwa.

"Mheshimiwa," Fundi akasema, "kabla hujaandika, kuna kitu kimoja kuhusu..."

"Utapewa nafasi ya kuuliza maswali baadaye."

Mkurugenzi akakaa. Kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi, akaandika *Hakika*. Akabonyeza. Tukapiga makofi. Mhudumu akajibu papo hapo:

*Umejibu hapana. Amri imeghairiwa.*

Makofi yalikatika, isipokuwa ya Naibu, ambaye hana macho mazuri.

"Nimejibu nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Ndicho nilichotaka kusema," Fundi akasema, akijikuna shingo. "Nilipomtafsiri sikupata muda wa kumfundisha maneno yote. Anasoma herufi ya kwanza, zingine anatupa. N ni ndiyo, h ni hapana. Hakika ina h mwanzoni."

"Mola wangu," Shangazi akasema. "Wiki nzima kaka yangu amekaa anahesabu mabegi, kumbe nyinyi mmekwama kwenye irabu!"

"H ni konsonanti, mama," nikasema. Sikujua kwa nini nilisema hivyo. Alinitazama kwa namna ambayo watoto wa bweni lazima wanaifahamu.

Mkurugenzi alikuwa anawaka moto masikioni. Alikuwa amedhalilishwa mbele ya wafagiaji na wananchi, na aliyemdhalilisha ni chombo cha Kitengo cha Wahudumu. Hasira yake ilitafuta pa kutua, ikamwona mpwa wake.

"Wewe! Nani alikupa mamlaka ya kuamuru mtambo huu?"

"Wewe, mjomba."

"Sina mpwa! Leo nakunyang'anya. Kuanzia sasa atakayeamuru humu ni mtu mmoja tu. Toka kwenye kiti. Niambie neno la kuondoa mtu."

"Ni *ondoa*, halafu jina lake. Lakini mheshimiwa, acha kwanza niwashe seva, watu wana harusi kesho..."

"Ondoa. Halafu jina." Mkurugenzi alifikiri. Nilimwona akifikiri, na kwa kuwa nimemtumikia miaka mingi niliijua fikra yenyewe: kwa nini amwondoe mmoja, wakati Naibu naye anakitazama kiti chake, na wasaidizi wa Naibu wanakitazama cha Naibu? Alitugeukia sote taratibu. Macho yake yalipita juu yangu pia, na hilo liliniuma. Kisha akaandika, kwa kidole kile kile:

*ondoa wote*

Mhudumu hakubishana. Aliandika:

*Wenye mamlaka wote wataondolewa, pamoja na Mkurugenzi. Una uhakika? (n/h)*

Mkurugenzi alisoma. Akavaa miwani akasoma tena.

"Pamoja na nani?"

"Pamoja na wewe," Fundi akasema. "Umesema wote. Yeye akiambiwa wote, ni wote. Bonyeza h. Tafadhali, bonyeza h tu."

"H?" Mkurugenzi alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Ile herufi imenivua nguo mbele ya umma sasa hivi, unataka niishike tena? Siigusi. Mimi nitamjibu kwa neno langu, na safari hii ataelewa."

"Mjomba, usiandike..."

"Hapa sina mpwa!"

Akaandika, akigonga kila herufi kwa nguvu: *NAKATAA*. Akabonyeza.

Nilisikia Fundi akivuta pumzi. Kisha kwenye kioo yakapita maandishi, mstari kwa mstari, kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwa mtumishi wa ngazi yoyote:

*Umejibu ndiyo.*

*Wote wameondolewa.*

*Mtambo utawashwa upya ili mabadiliko yaanze kutumika.*

*Hakuna mwenye mamlaka wa kuulizwa. Naendelea.*

Feni za seva zikavuma ghafla mpaka kitambaa cha meza kikapepea. Taa zake zikawaka, moja, nyingine, safu nzima. Niliogopa, nasema wazi. Nilishika kabati. Halafu, kutoka chumba cha mbele, kule dirishani, tukasikia sauti ambayo baadhi yetu tulikuwa tumeisahau. Mashine ya kuchapia ilikuwa inachapa.

Tulikimbilia huko sote. Karatasi zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine na kuanguka sakafuni kwa kuwa trei ilijaa. Fundi aliokota mbili tatu, akajikuna shingo tena.

"Seva inaangalia ni idhini za nani zinatakiwa," akasema. "Sasa zinatakiwa za wenye mamlaka wote, na wenye mamlaka wote ni hakuna. Kwa hiyo kila kibali kimekamilika. Vyote. Hata vya mwaka juzi."

Bibi harusi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anapekua. Dereva wa gari la wagonjwa ana mikono myepesi. Alikipata chake, akasoma jina lake, akasoma la kinyozi, akakaa palepale chini akalia kwa sauti. Kinyozi naye akakaa chini, akamfuta machozi kwa kitambaa chake cha kazi, akamwachia nywele za watu shavuni. Mimi nilifurahi. Sijui kama furaha hiyo ilikuwa ndani ya majukumu yangu, lakini nilifurahi.

"Zikusanyeni!" Mkurugenzi akasema. "Vibali hivi havina idhini yangu!"

"Havina haja nayo," Fundi akasema.

"Basi nirudishie mamlaka yangu, haraka."

"Siwezi. Mamlaka anarudisha mwenye mamlaka."

"Nani?"

"Ndiyo hivyo tena, hayupo."

"Waliotuuzia mtambo?"

"Watakusaidia. Ila watataka waombwe na mwenye mamlaka."

Mkurugenzi akanigeukia. Nikatazama feni. Akamgeukia Naibu, na kwa mara ya kwanza Naibu alimtazama kama mtu anayemtazama mwenzake. Wasaidizi walikuwa tayari wanaokota vibali na kuwaita wenyewe kwa simu, bila kuagizwa na mtu, jambo ambalo halina utaratibu wowote na lilikwenda vizuri sana. Kufikia alasiri benchi lilikuwa tupu.

Shangazi alikuwa wa mwisho kutoka. Alikikunja kibali akakitia kifuani, akamtazama Mkurugenzi aliyesimama katikati ya chumba bila kujua aelekee mlango gani. Nilidhani atamsema. Ninavyomfahamu sasa, najua alikuwa na la kusema.

"Baba," akasema, "njoo harusini kesho. Naona sasa una nafasi."

Alikwenda. Mimi pia nilikwenda, kwa niaba ya Idara. Baba wa bibi harusi, mtu mfupi mwenye mikono iliyoungua mafuta, alisimama mbele na binti yake, akashindwa kusema alichoandaa, akambusu paji la uso, watu wakapiga vigelegele mpaka nikajikuta nami natokwa na machozi. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Asubuhi, kabla watu hawajafika, uwanja ulikuwa na rundo la viti vya plastiki, na Shangazi alikuwa jikoni na pembeni na kila mahali. Alimwona Mkurugenzi amesimama na suti yake karibu na rundo.

"Viti hivyo vipangwe," akamwambia.

Mkurugenzi akakohoa, akaweka mikono nyuma. "Kwa kuzingatia ukubwa wa uwanja, na kabla hatujafikia uamuzi wowote kuhusu mpangilio, ningependekeza kwanza tukae tutafakari..."

"Panga," Shangazi akasema.

Akapanga.